Umande wa Shimo la Tisa

Kerrin alikuwa ameibana fimbo ya gofu katikati ya magoti tangu walipotoka Mullabirra, na kila pikapu iliporuka kwenye shimo la barabara alizidi kuikaza.

"Iweke nyuma hiyo," alisema Murray, kaka yake, macho yakiwa barabarani. "Umeipakata kama mtoto mwenye homa."

"Niache, Murray."

"Nimekuacha. Nasema tu, dogo, ukiidekeza sana itakataa kazi."

Walisimama kunywesha gari. Bei ya petroli ilikuwa imepanda tena, na Murray aliukodolea macho ubao wa kituo kana kwamba akiutazama vya kutosha utaona haya. Akajaza nusu tangi.

"Ya kwenda tunayo," alisema akirudi na andazi moja la nyama, akalikata vipande viwili. "Ya kurudi utatununulia wewe, ukishapata kazi."

Alikuwa akitania. Kerrin hakucheka. Kipande chake cha andazi alikishika mpaka kikapoa. Klabu ya Pendlow, huko jijini walikokuwa wakielekea, ilitangaza kuchukua mwanagenzi wa gofu: miaka mitatu ya mshahara, chumba juu ya duka la klabu, na mwishoni cheti cha kufundisha. Ukimaliza mashimo tisa kwa mapigo yasiyozidi arobaini na mawili, umepata. Ukizidisha, unarudi ulikotoka. Na alikotoka Kerrin palibaki nini? Machinjio yalifungwa kondoo walipokwisha kwa ukame, na kwenye mgahawa wa malori bosi wake alikuwa akimpunguzia zamu wiki baada ya wiki, huku akimwambia ashukuru.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa mashimo tisa. Lilikuwa pigo moja tu, lile fupi la juu.

Uwanja wa Mullabirra hauna majani. Grini zake, pale penye mashimo, ni mchanga mweusi ulionyweshwa mafuta usipeperuke. Mpira ukiushusha pale kutoka juu unadunda kama juu ya saruji na kupotelea vichakani. Kwa hiyo watu wa kule wote hupiga chini: mikono mbele, mpira uguse ardhi mapema, ukimbie wenyewe mpaka kwenye mchanga. Ukifika, unachukua reki ya chuma inayolala pembeni, unafagia njia kutoka kwenye mpira wako mpaka shimoni, ndipo unapiga. Ukimaliza unaiburuta mzunguko mzima, umsafishie anayekuja nyuma. Marehemu mama yao alikuwa na neno lake: asiyefagia hakulelewa.

Ila Pendlow ni majani matupu, yananyweshwa kila usiku. Kule mpira unatakiwa upande juu, utue karibu na shimo na utulie hapo hapo. Tangu bwawa la kuogelea la Mullabirra lifungwe msimu ulipokwisha, Kerrin alikuwa akiruka uzio wake jioni kujifunza pigo hilo kwenye kipande cha majani kilichobaki hai mjini, simu imeegemezwa kwenye kiatu ikimwonyesha jinsi ya kupiga. Fungua uso wa fimbo. Uzito mguu wa kushoto. Usichote. Geuza kifua, mikono ifuate. Mlinzi wa bwawa alijifanya kipofu. Siku nyingine mpira ulipanda vizuri hata akacheka peke yake. Siku nyingine alichota, akaupiga kichwani, ukaenda kugonga bati la chumba cha kubadilishia nguo, na mbwa wa mji mzima wakaanza kubweka.

Kwenye lango la Pendlow walipokelewa na mzee mmoja wa kamati, Bwana Fenner, mwenye kadi ya alama na penseli sikioni. Alimtazama Murray kifuani.

"Shati halina kola."

"Sichezi mimi, bosi. Nambebea huyu binti, mdogo wangu, mfuko tu."

"Bila kola huingii."

"Sasa kola na mfuko vinahusiana nini? Nabeba kwa shingo?"

"Nje ya uzio unaruhusiwa kutazama," alisema Fenner, na akaanza kutembea.

Murray alimpa mdogo wake mfuko. "Kama kule bwawani, dogo. Wewe na mbwa wako."

Kerrin aliubeba mwenyewe. Majani yalikuwa meupe kwa umande, viatu vikaloa hata kabla hajapiga mpira wa kwanza. Mapigo marefu hayakumsumbua, maana aliyezoea upepo wa Mullabirra hatishwi na uwanja uliozungukwa na miti. Kila alipokaribia grini, ndipo mikono ilipoanza kumsaliti. Mara tatu aliogopa pigo la juu akapiga la nyumbani, la chini, na mara zote tatu mpira uligusa majani mabichi ukanasa palepale, kama umetua kwenye ugali. Kwenye shimo la nane akajikaza, akapiga la juu. Akachota. Mpira ulivuka grini ukiwa chini chini na kuingia kwenye maua.

"Thelathini na nane," alisema Fenner, akaandika.

Kerrin alipiga hesabu moyoni. Yalibaki mapigo manne kwa shimo moja, na shimo la tisa ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, grini yake imejificha kivulini mwa misonobari. Pigo la kwanza likaenda sawa. La pili likapungua kidogo, likalala nyuma ya dimbwi la mchanga. Mbele yake palikuwa na mchanga, kisha ukingo, kisha bendera. Kwa chini hapapitiki. Ilikuwa la juu au kurudi kwa bosi wa mgahawa.

Ng'ambo ya uzio aliuona mwili mkubwa wa Murray, vidole vimeingia kwenye waya.

Fungua uso. Uzito kushoto. Usichote, usichote, usichote. Akageuza kifua.

Fimbo ilipita chini ya mpira kwa mlio mdogo wa majani kukatika. Mpira ukapanda, ukavuka mchanga, ukashuka taratibu, ukadunda mara moja na kutulia hatua mbili kutoka shimoni. Kerrin alisimama mdomo wazi. Hakuwahi kulipiga hivyo hata bwawani.

Alitembea hadi kwenye grini, roho imetulia kwa mara ya kwanza siku ile, akafanya alivyofanya tangu utotoni bila kufikiri. Hapakuwa na reki, basi aliburuta soli ya kiatu, polepole, kutoka kwenye mpira mpaka shimoni. Umande ukafutika, ukabaki mstari wa kijani kibichi, umenyooka. Kisha akabadili fimbo, akainama, akapiga. Mpira ukaufuata mstari na kutumbukia.

"Arobaini na mbili!" alipiga kelele. Ng'ambo ya uzio Murray akaruka juu kama mtoto.

Fenner hakuandika. "Arobaini na nne, binti."

"Nne gani? Hesabu vizuri, mzee."

"Umefuta umande kwenye njia ya mpira wako. Ni kosa, mapigo mawili."

Kerrin alitazama ule mstari. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anaongelea mguu wake.

"Uliniona nikifagia?"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza mpaka nikapiga?"

"Kazi yangu ni kuandika." Fenner akakunja kadi, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetaka kuonekana mwema. "Sheria hii anaijua kila mtoto hapa. Au huko kwenu mlikimbia umande?"

Machozi yalikuwa karibu, na Kerrin alichukia yawe karibu mbele ya mtu huyu.

"Hatukuukimbia, mzee," alisema. "Umande ndio uliotukimbia. Mwaka wa nne huu."

Fenner alimwonyesha njia ya kutokea. Kerrin akaurudisha mpira mfukoni, lakini hakuondoka. Alirudi shimoni, akageuka, akaanza kuburuta kiatu kwa mzunguko kuanzia katikati, kama inavyopaswa.

"Unafanya nini? Kuna mwingine anakuja nyuma!"

"Namsafishia yeye."

"Toka kwenye grini! Binti! Nitamwita mlinzi!"

Aliendelea, mzunguko baada ya mzunguko, maji yamepenya mpaka soksi, mpaka grini nzima ikawa ya kijani. Kisha akabeba mfuko wake na kutoka langoni.

Murray alikuwa ameshawasha gari, uso wake unang'aa. "Uliingia, dogo! Niliona kwa macho yangu!"

"Uliingia."

"Sasa mbona unalia?"

"Nilifagia, Murray."

Kaka yake alianza kucheka, kisha akaelewa. Akageuka kutazama mshale wa petroli, ile ya kwenda tu.