Kuku wa Kupona

Siku niliyomeza matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemshwa na kuanikwa, bila kusukumia na maji, niliamua nimepona.

Miezi mitano nyuma hata uji ulikuwa unanikwama kifuani. Binti yangu Evalina na kaka yangu Ngassa walinipeleka hospitali Mwanza, wakaniambia ni vidonda vya tumbo vilivyopanda juu. Nikawekewa dripu za dawa mara nne. Nywele zikanyonyoka, nikanyoa kabisa. Watu wa kijijini kwetu Dutwa wakaniuliza nimefiwa na nani.

"Nimefiwa na vidonda vyangu," nikawajibu.

Kwa hiyo Ngassa alipokuja kusema natakiwa kupasuliwa Jumanne, nilimcheka. Nani anapasua kidonda kilichopona? Alibembeleza, Evalina akalia, mimi sikutingishika. Nikachinjisha jogoo, nikaita majirani waje wanione nikila.

Katikati ya kula, simu ya Evalina iliita juu ya kabati. Yeye alikuwa jikoni, nikapokea. Alikuwa nesi wa Mwanza, akiuliza kama mgonjwa atafika. Nikamwambia mgonjwa ni mimi, nimepona, na hapa nina paja la kuku mkononi.

"Mama, unameza kwa sababu dawa imepunguza uvimbe," alisema taratibu. "Usipotolewa sasa, utakua tena."

"Uvimbe upi?"

 Akauliza kama kuna ndugu karibu. Nikamwambia aniambie mimi.

"Ni saratani, mama. Iko pale koo la chakula linapoingia tumboni."

Nilipogeuka, Evalina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Nikauliza nani mwingine anajua. Ngassa akatazama mkeka. Jirani yangu Domitila, aliyeniletea uji kila asubuhi na kuninyamazia hata nilipomtolea maneno, akauweka chini mfupa wake. Hakuna aliyetafuna tena. Walikuwa wanakula kuku wangu wa kupona huku wanajua, wote.

"Mayu, mama yangu, mjomba alisema ukijua utakufa kwa hofu," Evalina akasema.

"Na kwa kutojua nilikuwa nakufa huku nacheka."

Jumanne nilipanda basi na faili langu mapajani. Evalina na Ngassa nikawaacha wakae viti vya nyuma. Daktari alianza kumweleza Evalina, kama walivyozoea. Nikamwomba ageuze kiti.

Akanichorea kwenye karatasi: kipande cha koo na sehemu ya juu ya tumbo vitakatwa, tumbo lililobaki litavutwa juu liunganishwe. Nitakula kidogo kidogo maisha yangu yote. Nikamuuliza kama nitapona. Akasema hawezi kuniahidi, ila nafasi ipo.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililopewa usoni tangu nianze kuumwa. Nikatia sahihi.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji Evalina aliutafuta mkono wangu. Sikumpa. Nilivua kilemba, nikamwachia hicho akishike.