Maneno ya Mgahawani

Daw Nyunt aliingia mgahawani kwa Ko Pauk akiwa na chupa ya chai mkononi na uso uliokunjamana, maana kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kukanyaga pale. Mgahawa ulikuwa maskani ya mumewe. Thet Naung alikwenda kila alfajiri kabla ya kazi, akaenda tena kila jioni, akirudi nyumbani amenyamaza vilevile alivyotoka. Wanawake wa rika lake mjini Pyay walikunywa chai yao jikoni, na yeye hakuona dhambi katika hilo.

Kilichomleta leo ni shida. Wiki tatu zilizopita Thet Naung alianguka bafuni, mkono wa kushoto ukalegea pamoja na upande wa uso, na neno halikumtoka tena. Daktari alimpima akasema ulimi ni mzima, kusema anaweza, lakini asiposemeshwa upesi huenda asiseme tena maisha. Tangu hapo Daw Nyunt alibembeleza, akalia, akamtukana hata mama mkwe wake marehemu, ilimradi mtu ajibu. Mtu hakujibu. Chai aliyompikia aliigusa kwa mdomo tu kisha akageukia ukutani. Basi akasema moyoni, ngoja nimletee ile anayoipenda.

Ndani wanaume walikaa kwenye vile viti vya plastiki vifupi, magoti yakigusa videvu. Mmoja alibinua midomo akapiga busu hewani, mara mbili, na birika likaletwa mezani. Daw Nyunt akasonya. Wanaitana kwa mabusu, watu wazima na vikoi vyao.

"Naomba chai ya Thet Naung," alimwambia Ko Pauk. "Ile anayokunywa siku zote."

Ko Pauk alikuwa akimimina chai ya maziwa kutoka kopo hadi kopo, juu chini. Akasimamisha mikono. "Mama, wewe ndiye mke wake?"

Meza ya mbele nzima iligeuka. Mzee mmoja mwenye upara, Hla Din, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, akamtazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa siku nyingi.

"Ndiye yule wa bata," akawaambia wenzake.

"Bata gani?" Daw Nyunt aliuliza.

"Si yule bata uliyewapelekea watawa, akakutangulia kurudi nyumbani mara tatu? Mara ya tatu ukampigia magoti uani ukamwomba radhi."

Bata yule alikuwa wa kweli, na magoti alipiga kweli, lakini uani hakukuwa na mtu. Yeye alijua hakukuwa na mtu.

"Nani kawaambia?"

"Mumeo, nani mwingine? Na ile ya siku uliyomfokea mchuuzi wa samaki mpaka akakuongezea samaki na kapu lake. Shemeji, huyo bwana akianza hadithi hata nzi hapati nafasi ya kulia. Ametuvunja mbavu miaka yote hii. Tangu aanguke, meza hii imekuwa matanga."

"Mume wangu mimi?" alisema Daw Nyunt. "Mwenye kovu hapa nyusini?"

"Huyohuyo."

Akakaa. Hakukusudia kukaa, lakini kimoja cha vile viti vifupi kikampokea. Mume wake nyumbani alikuwa na "ndiyo", na "hapana", na "chumvi". Usiku amelala ubavuni mwake miaka thelathini na mmoja na hajapata kumsikia akisimulia hata habari ya mvua. Kumbe huku anamwaga mchele kwenye kuku wengi, na mchele wenyewe ni yeye. Alijiona kama mtu aliyeolewa na nusu ya mtu, nusu nyingine wakipewa mafundi baiskeli. Wivu ulimpanda, wivu wa kweli, bora hata angeambiwa kuna mwanamke.

"Na mimi mbona hanisimulii?" alisema. "Mimi sina masikio?"

Hla Din aliacha kucheka. Akammiminia kikombe kidogo cha chai kavu ya birika, akakisogeza taratibu.

"Tulimuuliza hilo, shemeji, zamani. Alisema wewe ndiye uliyemkataza."

"Mimi?"

"Alisema siku moja alikuja nyumbani na hadithi, ukamwambia maneno ya mgahawani ayaache mgahawani. Akasema mke wake ana haki ya nyumba yenye utulivu."

Daw Nyunt alikirudisha kikombe mezani. Alikumbuka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa, mtoto ana homa, wali umeungua, na Thet Naung anaingia mlangoni akicheka, mikono tayari hewani. Alimtupia lile neno bila hata kugeuza shingo, na kabla sufuria haijasuguliwa alikuwa amelisahau. Mwenzake alilichukua akaliweka kama amana.

Ulimi hauna mfupa, jamani.

Ko Pauk alimjazia chupa. Daw Nyunt akamwomba pia viti viwili na birika la chai kavu. Ko Pauk hakuuliza vya nini.

Nyumbani alimwegemeza mumewe kwenye kiti kimoja barazani, yeye akakaa kingine, magoti kidevuni, majirani watazame wakitaka. Akamimina chai kavu kwanza kama alivyoona, kisha ile ya maziwa. Hakubembeleza wala hakulia. Alikunywa chai yake.

Thet Naung alivitazama vile viti muda mrefu. Akanywa. Akamaliza kikombe. Kisha akabinua midomo upande mmoja, ule mzima, akapiga busu hewani, mara mbili.

Wiki iliyopita angemzaba kofi. Leo aliinuka upesi akamwongezea chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

"Mimi nina mke," alisema Thet Naung. Sauti ilikuwa nzito, maneno yakiburuta miguu. Alimtazama usoni na jicho likacheka. "Wewe humjui."

Daw Nyunt aliweka birika chini.

"Simjui," alisema. "Nieleze."