Ndege Wasio na Kijiti

...na huyo tena juu ya paa la banda la kuni, sauti imemkauka, anaviita vindege vipozamataza virudi kutoka kusini, wakati daktari alimwambia mbele yangu na mbele ya binti yetu Lidia, Mzee Rodion, ngazi hapana, jembe hapana, moyo huo umechoka, naye akaitikia kwa adabu zote, ndiyo daktari, ahsante daktari, muongo mkubwa, theluji imeanza tu kuyeyuka na kudondosha matone kwenye ukingo wa paa, tope limefika kwenye vifundo vya miguu, amevaa viatu vyake vya mpira amepanda, kwa sababu leo ni siku ya ndege, siku ya kuwaita walete joto, na siku ya ndege lazima mtu apande juu aimbe, miaka sabini na moja, anapunga tawi la mti wa mtoni lenye vichipukizi vya manyoya kama mtoto wa shule... "Shemeji Rodion, shuka bwana, utawatisha warudi walikotoka!" huyo ni Klavdia, jirani, yuko kwenye uzio, lini Klavdia hayuko kwenye uzio, "Klavdia, kama sauti yako haijawatisha miaka yote hii, yangu itawafanya nini?" na kicheko, na baada ya kicheko kikohozi, haya, kohoa, anguka, mimi niko hapa na mikono ya unga hadi viwikoni, ni mfungo wa Kwaresima, hakuna yai, hakuna maziwa, maji na mafuta na sukari kidogo, halafu ataniuliza mbona ndege wako wa mkate wagumu mwaka huu, Taisia, nitamjibu wagumu kama kichwa chako, nimeviringisha kamba kumi na mbili za unga, nimezipiga fundo, kichwa huku, mkia kule, zabibu kavu kwa macho, nimevipaka vindege chai nzito ya sukari ving'ae, vimo kwenye tanuri sasa, na hakuna hata kimoja chenye kijiti, Mungu nisamehe, hakuna hata kimoja. Kila mwaka kimoja hubeba kijiti tumboni, anayekiuma ndiye mpanzi, ndiye anayetupa mbegu ya kwanza na ndiye mwenye kauli juu ya bustani, na miaka thelathini na moja nimemchania mkia ndege mwenye kijiti ili nimtambue, nikamgeuzia sahani, naye anakiuma kijiti anaruka, "Taisia, bahati imenipenda tena!" bahati gani, bahati ni mimi mjinga mmoja, halafu anakwenda kupanda maua pale nilipotaka vitunguu. Na wiki iliyopita alimwambia Lidia kwenye simu, kwa sauti ya hakimu, kijiti kikinijia nabaki, kikininyima nafunga virago, naja kukaa huko kwenye ghorofa lenu karibu na hospitali, na Jumamosi Lidia anakuja na gari, na mimi asubuhi ya leo nikakanda unga bila kijiti, ni kwa ajili ya moyo wake, nimejiambia mara mia, ni kwa ajili ya moyo wake, akasirike lakini aishi... "Vindege, rudini kwetu, baridi imetuchosha," haya, ameanza upya, kila mwaka yale yale, ametunga mwenyewe na anajiona mshairi wa wilaya nzima, "fungueni lango letu, jua lipate kupasha," nayachukia haya mashairi, yameniingia kichwani mpaka nayasikia nikiosha vyombo, "na bibi wa jiko letu..." na kimya. Kimya. Tone moja linaanguka kwenye ndoo, la pili, "Shemeji?" anasema Klavdia, la tatu, na mimi nimesimama kisu mkononi na mdomo wangu wenyewe, bila kuniuliza, unasema, "kununa kwake kwaisha," kwa sauti, jikoni, peke yangu, tusi analonitungia kila mwaka nimelimalizia mwenyewe, na huko juu pumzi inarudi, "...kununa kwake kwaisha! Nipo, Klavdia, nilikuwa navuta hewa tu," navuta hewa tu, mjinga huyu.

Na kule ghorofani angemwimbia nani, magari yaliyoegeshwa, na nani angenitukana kwa vina kila mwezi wa tatu... sitaki kwenda. Basi. Nimesingizia moyo wa watu kumbe ni miguu yangu mimi iliyochoka tope, na hata tope silichukii, leo asubuhi nililinusa dirishani nikasimama kama bwege mpaka chai ikapoa. Jembe hapana, daktari alisema, sawa, lakini alimwambia yeye, mimi moyo wangu hajaugusa mtu. Navunja kibanzi kutoka kwenye kuni za kuwashia, nafungua tanuri, joto linanipiga usoni, bado laini vindege, hawajashika rangi, namwacha wake mwenye mkia uliochanwa, namchukua yule mnene aliyekaa vibaya pembeni ambaye siku zote huwa nakula mimi, nachomeka kijiti tumboni, naungua kidole, nafunga mlango. Mpanzi ni mimi, kauli ni yangu, hatuendi, na atanuna yeye mwaka huu. Atakaa kwenye kiti, blanketi miguuni, anitungie anachotaka, na Lidia akija Jumamosi atakunywa chai arudi na gari tupu, na ni vitunguu, nasema, vitunguu mpaka kwenye uzio wa Klavdia, na maua yake nitampa tuta moja.