Kiwanda Hakikuonekana

Nilimwomba mkwe wangu kibao kidogo tu, kiandikwe "Vifungo hapa". Yeye ni mchoraji wa mabango, na ndiye aliyemwoa binti yangu wa pekee, kwa hiyo hakutaka kunipa kitu kidogo. Akaja na ngazi, misumari sita na ubao mrefu kuliko mlango, wa bluu, herufi nyeupe zenye kivuli chekundu: KIWANDA CHA VIFUNGO.

"Mama," alisema akiwa juu ya ngazi, msumari mdomoni, "ukubwa wa kazi huanzia kwenye jina."

Mkwe hasahihishwi mbele za watu, ndivyo nilivyolelewa. Na nisisingizie heshima tupu: nililipenda. Alipoondoka nilivuka barabara, nikasimama upande wa pili kama mpita njia, nikalisoma mara tatu huku najifanya natafuta kitu mkobani.

Kiwanda chenyewe ni chumba changu cha mbele. Kina meza ya mashine, kochi la watu wawili, pasi ya mkaa, makopo kumi na manne ya vifungo yaliyopangwa kwa ukubwa, na paka ambaye hana kazi maalumu. Mafundi cherehani wa mitaa ya jirani huniletea vipande vya kitambaa cha nguo wanazoshona, nami huwafunikia vifungo vifanane na nguo hizo. Nakata duara la kitambaa, naliweka juu ya kibati cha duara, nafunika kwa kibati cha chini, navuta mkono wa mashine: tak! Kifungo kimezaliwa. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na saba. Imemsomesha binti yangu, na mpaka leo inanilisha bila kumnyooshea mtu mkono.

Fundi suti wa mtaa wa nyuma, mtu asiyeweza kumeza neno, kila akileta koti husema, "Bibi, hakimu anatoa vifungo viwili kwa wiki, wewe mia kwa siku. Magereza yatakuja kupasuka."

Basi, mwezi mmoja baada ya bango kupanda, alipita kijana mwenye kamera akalipiga picha. Mimi nilidhani ni mtu wa magazeti. Nilijiweka sawa kilemba na kusogea mlangoni ili nami nitokee.

Sikutokea gazetini. Nilitokea kwenye barua. Ilitoka ofisi ya mipango miji, ina mhuri, na ilisema kwamba kiwanda changu kipo ndani ya eneo la makazi kinyume na ramani ya matumizi ya ardhi, na kwamba nina siku thelathini za kukihamishia eneo la viwanda.

Eneo la viwanda ninalijua. Liko ng'ambo ya reli, baada ya daraja lenye ngazi sitini na mbili, kati ya wakamua mafuta na watengeneza matofali. Magoti yangu na ngazi hawaongei siku nyingi. Na hata ningebebwa mgongoni, ni fundi gani atavuka reli kwa ajili ya vifungo sita vya blauzi? Wateja wangu huja kwa miguu, wengine na ndala, pini bado zipo midomoni. Nikihama, watanunua vya plastiki, na mimi nitakuwa bibi wa kukaa.

Kukaa wapi? Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Binti yangu na mumewe walishaniandalia chumba kwao, kimepakwa hata rangi. "Mama, pumzika sasa," wanasema kila Jumapili. Nampenda mkwe wangu. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kusubiri zamu ya kuoga nyumbani kwake ni jambo lingine. Kwa hiyo ile barua niliikunja nikaitia ndani ya kopo la vifungo vya makoti, sikumwambia mtu. Isipokuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye huja kila asubuhi kukaa kwenye kochi na kunipa habari za dunia. Huyo haambiwi, hunusa.

"Usifiche, wifi. Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa."

"Basi nenda ofisini ukajitetee."

Nilikwenda. Karani wa dirishani hakuniangalia usoni, alinipa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Jaza yote, mama. Usiache pengo." Hakujua anaongea na nani. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wetu alikuwa akitia alama ya kosa kwenye pengo hata kama swali halikuhusu. Nikakaa kwenye benchi, nikajaza polepole, kwa mwandiko wa kuunganisha.

Idadi ya wafanyakazi? Watatu. Nilijihesabu mimi, binti yangu ambaye huja Jumamosi kukata duara, na wifi, kwa sababu ningemwacha ningemkosea. Je, kiwanda kinatoa moshi? Ndiyo, asubuhi. Hiyo ni pasi wakati mkaa unakolea. Je, kinatoa kelele? Ndiyo, siku nzima. Mabaki ya uzalishaji hupelekwa wapi? Hapo nilifurahi, maana mimi si mchafu. Vipande vyote vinavyobaki huvishindilia ndani ya mto wa kochi, ule mkubwa ambao wifi huegemea. Nikaandika: Mabaki yote huingia kwenye mto.

Karani alisoma. Kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Yote, mama?"

"Yote, mwanangu. Sibakizi hata uzi."

Barua ya pili ilifika kabla sijamaliza wiki. Ilisema kwamba kutokana na maelezo yangu mwenyewe, maofisa watafika Jumanne kukagua kiwanda pamoja na uchafuzi wa mto, na kwamba ikithibitika, kitafungwa siku hiyo hiyo.

Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikageuka kuutazama mto. Kwa kweli foronya ilikuwa imepauka, na upande wa kichwa cha wifi ilikuwa na doa la mafuta ya nywele. Lakini serikali nzima ije kwa ajili ya doa?

"Nilikwambia usipake mafuta mengi hivyo," nilimwambia wifi.

"Wamejuaje?" wifi aliuliza, mkono kichwani.

Nilivua foronya nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaianika uani. Ndipo nikaona mstari wa mwisho wa barua: Usiondoe wala kubadilisha chochote kabla ya ukaguzi. Foronya inachuruzika maji kwenye kamba, ushahidi umekwenda na povu. Siku mbili zile sikula vizuri. Kila nilipovuta mkono wa mashine, tak, nilijiuliza ni tak za mwisho ngapi zimebaki.

Jumanne saa nne gari lao lilipita. Likafika mwisho wa mtaa, likageuza, likapita tena. Mara ya tatu likasimama mbele ya bango. Walishuka wawili: bwana mnene mwenye ramani ndefu iliyokunjwa kama mkeka, na binti mmoja mpimaji aliyebeba futi ya kukunja na kasha la chupa tupu. Wote wamevaa kofia ngumu na mabuti ya mpira hadi magotini. Barabara ilikuwa kavu kama unga.

"Shikamoo, bibi," alisema yule bwana. "Tunatafuta kiwanda cha vifungo."

"Marahaba. Karibuni ndani."

"Tunataka kwanza kuonana na msimamizi."

"Mimi."

"Na wafanyakazi wengine?"

"Binti yangu huja Jumamosi. Mwingine huyo kwenye kochi."

Bwana Ramani akamgeukia wifi. "Wewe mama unafanya kazi gani hapa?"

"Kuongea," alisema wifi. "Na sijachelewa hata siku moja."

Binti mpimaji aliuma mdomo. Bwana Ramani hakucheka. Alikaa pembeni mwa wifi, kofia yake ngumu juu ya goti, akafungua jalada, akawa ananisomea majibu yangu mwenyewe kama mashtaka. "Umeandika moshi, asubuhi."

Nikamwonyesha pasi. Akaitazama muda mrefu, akaandika kitu.

"Kelele, siku nzima."

Nikaweka kibati, nikavuta mkono. Tak. Paka hakuamka.

"Sawa," alisema, na sasa sauti ikawa nzito. "Tuje kwenye jambo kubwa. Hapa watu wa bondeni wanatumia maji, bibi. Umekiri kwa mkono wako kwamba mabaki yote huingia kwenye mto. Mto huo uko wapi?"

Nilipiga moyo konde, maana uongo sikuujua wakati wa ujana na sasa nimechelewa kujifunza. "Mwanangu, nisamehe. Nimeufua. Barua niliisoma vibaya, nikafua kabla ya kufika mwisho."

"Umefua mto?"

"Na sabuni. Bado una unyevu kidogo."

Waliangaliana. Binti mpimaji akauliza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, "Bibi, tuonyeshe tu huo mto."

"Bwana mkubwa ameuegemea."

Bwana Ramani aliruka kama ameketi juu ya pasi. Nikauchukua mto, nikafungua vishikizo vya nyuma, nikauchomoa utumbo wake wote mezani: vipande vya hariri, vya kitani, vya suti za maharusi wa miaka mitatu, nyekundu, kijani, vyeupe. "Mabaki yote," nilisema. "Sikuwadanganya. Hata uzi."

Kisha binti mpimaji akaanza kucheka. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akaketi chini na chupa zake tupu zikigongana kashani. "Mto wa kulalia! Mkuu, tumekuja na mabuti!" Bwana Ramani alitazama mabuti yake. Tumbo lake ndilo lililoanza, likatikisika, halafu mabega, halafu machozi yakamtoka akayafuta kwa kipande cha suti ya harusi. Wifi alicheka bila kujua sababu, kwa kuwa hapendi kupitwa. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa. Nilipoelewa, nilikaa kwenye stuli, na pumzi niliyoibana tangu ile barua ya kwanza ikatoka yote, nikahisi hata kilemba kimelegea.

Katika kucheka huko mlango ulisukumwa kwa kishindo. Mkwe wangu, anahema, rangi ya njano mpaka kwenye kiwiko. Nilikuja kujua kwamba wifi alikuwa amempigia simu gari lilipopita mara ya kwanza: "Njoo, serikali imekuja, mama mkwe wako na kifungo..." na salio likakata hapo.

"Mama! Kifungo cha muda gani?"

"Cha robo inchi," alisema wifi.

Bwana Ramani alipanguza macho, akarudi kuwa ofisa. Alieleza kwa utaratibu. Kazi ndogo ya mikono, inayofanywa na wenye nyumba ndani ya nyumba yao, bila malori, bila moshi wa kusumbua majirani, ramani inairuhusu kabisa. Angenipa kibali chake. Jambo moja tu lilikuwa kosa, tena lilikuwa kosa tangu mwanzo: lile bango. Kwa mtaa wa makazi kibao hakizidi futi mbili, na neno kiwanda halina ruhusa.

"Nani aliyeliandika?"

Mkwe wangu alitazama mikono yake. Niliona shingo yake inavyoshuka, mtu aliyetaka kunipa heshima na amekaribia kunikosesha kazi.

"Mimi ndiye niliyelitaka," nilisema.

"Hapana," alisema mkwe. "Mama aliomba kidogo. Mimi ndiye niliyezidisha."

"Na mimi nikanyamaza, kwa sababu lilinipendeza," nilisema. "Tugawane nusu kwa nusu."

Bwana Ramani alisema hilo si la ofisi yake. Akaandika kwenye jalada, akalisoma kwa sauti ili niweke sahihi: "Tumefika eneo lililotajwa. Mto umekaguliwa, ni safi. Kiwanda hakikuonekana."

Mzigo ulinitoka mabegani. Lakini binadamu hana shukrani. Kulikuwa na kamwiba kadogo. "Hakikuonekana?" nilimwambia. "Mwanangu, si umekikalia saa nzima."

"Bibi," alisema, akivaa kofia yake, "kama kingeonekana, ningelazimika kukifunga."

Basi nikaweka sahihi. Kwa mwandiko wa kuunganisha.

Walipoondoka, mkwe wangu alipanda ngazi akang'oa misumari sita, mmoja mmoja. Jioni hiyo alinichorea kibao cha futi moja na nusu: "Vifungo hapa", herufi nyeupe, na kivuli chekundu chembamba ambacho hakuweza kujizuia. Kile chumba cha kwao chenye rangi mpya wakakigeuza kuwa pa kuwekea makopo yake ya rangi, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyeniambia nipumzike.

Ule ubao mkubwa haukutupwa, kwangu hakitupwi kitu. Aliupunguza kidogo kwa msumeno, akaupa miguu minne, sasa ndio meza ya mashine. Herufi tulizielekeza chini. Wateja hawazioni, wala mpimaji hatazipima. Lakini kifungo kikiniponyoka kikabingirika chini ya meza, huinama kukitafuta, polepole kwa sababu ya magoti, na nikishafika huko chini hutazama juu na kulisoma lile neno kwa raha zangu. Wifi huniuliza kutoka kwenye kochi mbona nachelewa hivyo kuokota kifungo kimoja.

Namwambia bado nakitafuta.