Saa Tatu kwa Maneno

Hakuna tusi lililoweza kumwingia Bi Kengele, isipokuwa moja tu: kumwambia amechelewa. Ungemwita mnene, angecheka. Ungemwita mkali, angekujibu kwamba bado hujaona kitu. Lakini kuchelewa, thubutu! Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa shule ya msingi. Alifagia ofisi, akachemsha chai ya walimu, akagonga kengele, na walimu wakarekebisha saa zao kwa mkono wake. Mvua inyeshe, homa impande, kengele ililia kwa wakati. Jina alilopewa na wazazi wake hata mwalimu mkuu alikuwa amelisahau.

Mumewe alikuwa mnadi. Meza yake ya nguo za mitumba ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la shule, na hakuwahi kuanza mnada kabla ya kengele ya saa tatu. Ikishalia tu, anapanda juu ya kreti na kupaza sauti: "Mke wangu kaamuru, soko lifunguliwe! Mimi ni nani nibishe?" Wateja wanacheka, watoto madarasani wanacheka, na Bi Kengele anasonya, akijifanya hapendi. Alipenda. Mwanamume yule hakuwa na shamba wala cheti, alikuwa na mdomo, na kwa mdomo huohuo alimtongoza yeye, akasomesha watoto wanne, akawapatanisha majirani waliokuwa wameshikana mashati.

Siku hiyo kengele ililia saa tatu kamili, kama kawaida. Bi Kengele akaenda kuanika vitambaa vya kufutia ubao huku akimsikiliza mumewe akinadi koti la kijivu. Watu walipandishana bei, mmoja akamshinda mwenzake.

"Mara ya kwanza!" mnadi akaita. "Mara ya pili!"

Halafu kimya. Bi Kengele akasimama na kitambaa mkononi, akisubiri ya tatu. Haikuja. Akachungulia saa ya ofisini kupitia dirisha: saa tatu na dakika nne. Akatupa kitambaa akatoka mbio, ndara moja ikabaki getini.

Alimkuta mumewe amesimama palepale juu ya kreti, koti limemdondoka. Mdomo ulikuwa umeshuka upande wa kulia na mate yalikuwa yakimtoka. Mkewe alipomwuliza ana nini, alitoa sauti, lakini haikuwa neno.

"Nyanyua mikono yote miwili," Bi Kengele akamwambia. Mkono wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki unaning'inia.

Alikijua kitu hicho. Mama yake mzazi aliondoka hivyohivyo, baada ya siku mbili za kukandwa na maji ya moto nyumbani, huku ndugu wakibishana kama ni presha au ni mkono wa mtu. Tangu siku ile aliapa kwamba kiharusi kikipiga tena hodi kwake, hakitamkuta anachemsha maji.

Wateja walishajaa. Mmoja akasema mnadi apewe soda, mwingine akasema alazwe kwanza, presha itashuka yenyewe. Mama mmoja akashika kiuno, akatangaza, "Jamani, huyu keshakata kauli."

"Kauli yako ndiyo ikatike!" Bi Kengele akamrukia. "Hakuna kunywa, hakuna kukanda. Nishikieni huyu mtu nipige simu."

Akampigia dereva wa teksi aliyezoea kubeba walimu. Saa tatu na dakika arobaini walikuwa mbele ya dirisha la mapokezi la hospitali kubwa. Nani mwingine angefika mapema zaidi ya hapo? Hata ndege angetafuta pa kutua.

Karani wa mapokezi alikuwa kijana nadhifu, kisikilizio kimoja cha simu sikioni, kingine kinaning'inia. Aliuliza jina, umri, mtaa. Kisha akauliza, "Ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika nne."

"Dakika hatuandiki, mama. Kisanduku ni kidogo."

Akaandika, akatia vema palipoandikwa asubuhi, akarusha karatasi kwenye trei. Bi Kengele hakuiona. Na hata angeiona, angesoma kilekile alichokisema. Karani alikuwa ameandika 3. Basi, tatu kavu. Lakini jengo zima lile, kuanzia saa za ukutani hadi mashine na fomu za madaktari, lilihesabu saa kwa kizungu, na humo ndani tatu ya asubuhi si saa tatu. Ni saa tisa ya usiku, wakati jogoo mwenyewe bado amelala.

Kazi nyingine waliifanya upesi, haki yao wapewe. Walimpima sukari, wakamlaza kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, wakamrudisha. Daktari alikuja na karatasi mkononi, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, macho mekundu kwa kukesha.

"Mama, picha haionyeshi damu iliyovuja," alisema. "Ni donge la damu limeziba mshipa wa kichwani, upande wa kushoto. Ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimegoma."

"Dawa yake ipo?"

"Ipo ya kuyeyusha donge. Lakini inafaa ndani ya saa nne na nusu tu tangu ugonjwa uanze. Ukivuka hapo unaweza kumvujisha damu kichwani, ukamuua. Kwa bahati mbaya ninyi mmechelewa."

Bi Kengele alidhani hakusikia vizuri. "Nani kachelewa?"

"Mama, sikulaumu. Wengi mnaanza na kukanda nyumbani, mnaita mashangazi, hospitali inakuja mwisho. Chelewa chelewa..."

"Usinimalizie hiyo methali, mwanangu. Nimewakaripia nayo watoto wa watu pale getini kabla wewe hujaota meno. Mimi nimekuja hapa mguu mmoja hauna kiatu!"

"Tutampa uangalizi mzuri," daktari akasema, kwa sauti ile ya upole wanayofundishwa, akahamia kitanda cha pili. Upole ule ulimuuma kuliko ukali. Mkali unaweza kugombana naye. Mpole anakuacha unapiga kelele peke yako, na watu wote wodini wanageuka kukutazama wewe.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaushika mkono ule uliokufa. Mumewe alimtazama akajaribu kusema. Likatoka "ma". Akajaribu tena, "ma, ma," jasho likamtoka, kisha akafumba macho kwa aibu. Mtu aliyekuwa akiwauzia watu makoti wakati wa jua kali, leo anaona aibu mbele ya mkewe kwa silabi moja! Bi Kengele akageukia ukutani, akalia kimyakimya, hasira na machozi vikatoka pamoja. Akawaza: labda saa nne na nusu za hospitali ni fupi kuliko za watu wengine. Labda kuna kitu wasomi wanakijua. Kwa dakika chache, Mungu amsamehe, aliamini kwamba kweli alichelewa.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Hawakusema inafanya nini kwenye kichwa cha mtu aliyezibwa mshipa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ilipofika saa sita na dakika kumi na tano, akaja muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, kupima presha. Bi Kengele hakuweza kujizuia tena.

"Dada yangu, niambie ukweli. Tumechelewa kwa muda gani?"

Muuguzi akafungua faili. "Hapa wameandika ilimwanza saa tisa usiku."

"Saa tisa usiku?" Bi Kengele akainuka, kiti kikaanguka. "Saa tisa usiku mume wangu alikuwa chali anakoroma, mimi nampiga kiwiko! Saa kumi na mbili amekunywa chai. Saa mbili na nusu amemtania mwalimu wa hesabu pale getini. Nani huyo alimwona mgonjwa saa tisa usiku? Mwanga?"

"Si wewe uliyesema? Angalia, tatu asubuhi."

Wakaitazama wote wawili ile namba. Ilikaa pale kwenye kisanduku chake, imenona, haina wasiwasi.

"Tatu," Bi Kengele akasema polepole. "Saa tatu. Saa tatu ya kengele, dada. Saa tatu ya jua limeshatoka!"

Muuguzi alivua miwani, akaivaa tena, kisha akafanya jambo ambalo Bi Kengele hajamwona muuguzi mtu mzima akilifanya tangu siku hiyo: alikimbia.

Daktari alirudi uso umempauka. Lakini hata hapo aliuliza, "Una uhakika, mama? Nikimpa hii dawa kumbe muda si huo, nitamuua mimi. Kuna ushahidi wowote?"

Miaka ishirini na sita ya kengele, na sasa anaombwa ushahidi wa saa! Namba ya karani haikudaiwa ushahidi na mtu. Ilikaa kwenye karatasi, ikaaminiwa. Yeye mwenye macho, mwenye mume, alitakiwa kuthibitisha. Hata hivyo akaumeza ule moto, kwa kuwa dakika zilikuwa zinakwenda, akatoa simu yake kifuani. "Nilimpigia teksi. Angalia mwenyewe, na hiyo imejiandika kwa kizungu chenu."

Simu ilionyesha 9:06. Daktari akahesabu kwa vidole. Mwisho ni saa saba na dakika thelathini na nne.

Baada ya hapo hakuna aliyesema kwa upole. Picha ya kichwa ikarudiwa mbio, kuhakikisha damu haijavuja kwa muda ule waliopoteza. Haikuvuja. Presha ikapimwa, ikawa juu mno kwa dawa ile, ikabidi kwanza achomwe sindano ya kuishusha. Bi Kengele alisimama kona ya chumba, macho kwenye saa ya ukutani, akiitafsiri kila dakika. Saa saba kamili, presha haijashuka. Saa saba na dakika kumi, imeshuka kidogo. Saa saba na dakika kumi na nane, dawa ikaanza kuingia mshipani.

"Tumebahatika," daktari akasema, akijifuta jasho.

"Ingeweza kuingia saa ngapi kama namba ingesomwa vizuri?"

Daktari akafungua faili, akahesabu. "Saa nne na nusu asubuhi. Labda hata kabla."

"Na katikati hapo kichwa chake kilikuwa kinafanya nini?"

"Kilikuwa kinaendelea kufa, mama. Kila dakika kidogo."

Alijibu ukweli, na Bi Kengele alimheshimu kwa hilo, lakini hakumwambia.

Siku ya sita mumewe alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Mkono wa kulia ulishika kikombe, ukitetemeka. Maneno yalirudi moja moja: aliita maji, alimwita mkewe, na siku moja alimwambia muuguzi "mrembo", wodi nzima ikacheka. Lakini sentensi ilimshinda, na akikwama alipiga paja kwa ngumi. Daktari alisema mazoezi ya kusema yatasaidia. Yatasaidia kiasi gani, hakuna anayejua.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akaleta karatasi ya kuondokea. Bi Kengele aliisoma yote, maana hakuwa tena mtu wa kupokea karatasi bila kuisoma. Katikati palikuwa na mstari: *Ndugu walichelewa kumfikisha mgonjwa hospitali.* Walikuwa wamenakili kutoka faili la siku ya kwanza. Hakuna aliyejali kufuta.

Damu ikamchemka hadi masikioni. Kumbe makosa yao yatakwenda na mumewe nyumbani kwa jina lake yeye! Mjukuu atakayeisoma siku moja atasema, bibi ndiye aliyemponza babu. Hata hivyo alijizuia, kwa sababu daktari alikuwa ameshavuta kiti mbele ya mgonjwa kwa kipimo cha mwisho.

"Mzee wangu, nihesabie mpaka tano."

Mnadi akajiweka sawa, akanyanyua kidevu kama aliyepanda kreti yake. "Moja," akasema. Ilitoka safi. "Mbili."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Midomo ikalitafuta neno, ulimi ukagonga meno, mkono mzima ukaanza kupiga paja. Daktari alisubiri, kalamu hewani, kisha akainama kuandika.

"Usiandike," Bi Kengele akasema. "Mwache mume wangu. Hiyo inayofuata iliwashinda hata ninyi, na midomo yenu mizima."

Daktari akanyanyua uso. Akamtazama yeye, akamtazama mgonjwa, kisha akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Bi Kengele, kidole kimekazwa juu ya ule mstari. Akanyoosha mkono akaichukua. Akakata mstari mara mbili, akatia sahihi pembeni.

"Niandike nini hapo, mama?"

"Andika ugonjwa ulimpata saa tatu asubuhi, akafika saa tatu na dakika arobaini. Dawa, saa saba na dakika kumi na nane." Akavuta kiti, akakaa karibu aione kalamu vizuri. "Na uandike kwa maneno, mwanangu. Namba sizitaki."