Zinki Iliyotolewa Kwenye Kopo

Pudentienne alishuka basi Kabuga asubuhi, kopo la krimu mkononi, na hakumsalimu mtu njiani, jambo ambalo kwa mwanamke aliyelelewa Bujumbura kwa adabu za parokia si dogo. Alikuwa amefura kwa hasira. Binti yake Natacha, mtoto wa miaka tisa mwenye ualbino, alikuwa amelala kifudifudi nyumbani Nyakabanda, shingo na masikio yamejaa malengelenge, hata kugeuka hawezi.

Kopo lenyewe lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya jani, na maneno makubwa: Kinga ya Jua, Asilia Asilimia Mia. Miezi miwili alimpaka mtoto akiyaamini hayo maneno. Jumapili ya komunyo ya kwanza, kwa kuwa wasichana wote walivaa mataji ya maua, akamvua Natacha kofia yake pana. Maandamano yalichukua saa moja na nusu juani. Hilo la kofia ndilo lililomtafuna kuliko yote, na ndilo lililomzidishia hasira.

Muuguzi aliyemhudumia mtoto alisoma kopo, akalirudisha. "Humu kuna siagi ya shea, mafuta ya avoka na mafuta ya karoti. Vinalainisha ngozi. Cha kuzuia jua hakimo. Ungetafuta yenye zinki."

Jolly, mwenye duka na mtengenezaji wa krimu hiyo, alikuwa akipanga sabuni. Alikulia Uganda, na ukarimu wake ulikuwa haukauki.

"Mama Natacha, karibu sana. Mzigo mpya inafika kesho."

Pudentienne aliweka kopo mezani. "Nisomee. Nionyeshe ni kipi humu kinazuia jua."

Jolly alisoma. Alipofika kwenye karoti akapunguza mwendo. "Hii ya karoti, kwa intaneti wanasema inasaidia."

"Na zinki iko wapi?"

Kwa hili tumpe haki yake, hakudanganya. "Mwanzo niliweka. Ni unga mweupe, nilikuwa natoa Kampala. Lakini wateja wakalalamika. Mtu anapaka, anaenda kwa harusi, picha inatoka sura iko kama imepakwa unga wa mihogo. Wakarudisha makopo. Nikaitoa."

"Ukaitoa, na maandishi ukayaacha."

"Karatasi nilikuwa nimechapisha nyingi."

Basi, hayo ndiyo majibu. Mtoto ameungua kwa sababu watu walitaka kupendeza pichani, na kwa sababu karatasi zilikuwa zimebaki. Angalau Pudentienne angeambiwa ni bahati mbaya, angejua pa kuiweka hasira yake.

"Jolly, wangu ni mweupe tayari. Huo weupe wa zinki ungemuaibisha nini? Na wewe mwenyewe, juani unapaka nini?"

"Mimi? Sipaki kitu. Ngozi yangu haina shida."

"Wanaokwenda harusini nao hawana shida kama ya mwanangu. Sasa hii kinga ulimtengenezea nani?"

Mteja aliyekuwa akinusa sabuni aliirudisha polepole, akatoka.

"Watoto kama wangu, umewauzia wangapi?"

"Watatu. Hapana, na huyu wako wanafika wanne."

"Namba unazo. Piga, mbele yangu."

Jolly alianza na Illuminée wa Ndera, mama wa mvulana wa miaka mitano. Akaweka sauti ya nje. Simu ilipokelewa upesi, tena kwa furaha.

"Dada Jolly, nilikuwa nataka nikupigie mimi. Hii krimu imetukomboa kweli. Tangu juzi simvalishi tena shati la mikono mirefu. Sasa hivi yuko shambani na wenzake, kifua wazi, anacheka tu."

Nje mabati yalikuwa yameshaanza kulia kwa joto. Jolly alimtazama Pudentienne.

"Illuminée," Jolly alisema. "Kimbia umwingize ndani. Usikate simu. Mwingize kwanza, kisha nitakwambia nilichofanya."