Benchi la Vita vya Kale

Ungepita jioni mbele ya karakana ya Patrobas Bwire kule Njiru, ungedhani wazee wawili wanabishania mpira. Kumbe walikuwa wakihesabu maiti. Patrobas, fundi wa mageti na mzee wa kanisa, alicheza upande wa Wakristo. Galgalo, muuza maziwa ya ngamia, alicheza upande wa Waislamu, naye alikuja na mto wake wa kukalia, kwa sababu benchi la Patrobas, alisema, lilikuwa mateso ya kidini tosha.

"Mlipoingia Yerusalemu na misalaba vifuani," Galgalo angeanza, "mlimwacha nani hai?"

"Hao hawakuwa Wakristo wa kweli. Na Makhawariji wenu, waliomuua khalifa Ali akienda kuswali?"

"Hao nao hawakuwa Waislamu wa kweli."

"Basi hakuna aliyeua mtu, Galgalo. Watu walijifia tu."

Hapo wangecheka hadi wateja wageuke. Sheria yao ilikuwa moja: vita vya kale tu, vya watu ambao hakuna anayewajua mama zao.

Jioni moja Galgalo alileta Wahispania, waliochoma watu moto kwa jina la kanisa, na Patrobas akaishiwa. Mteja alikuwa amesimama pale akisikiliza. Patrobas akaona haya kushindwa kwenye karakana yake mwenyewe, akataja Garissa, wale wanafunzi wa chuo kikuu waliouawa alfajiri kwa kuwa Wakristo.

Galgalo alichukua mto wake, akavuka barabara kwenda kwake. Hakurudi kesho yake, wala siku zilizofuata. Naye Patrobas, mjuzi wa historia ya miaka elfu moja, hakujua namna ya kuvuka kijia cha vumbi akaombe radhi.

Kisha asubuhi moja Patrobas akasikia kwamba Galgalo amefariki, kifua kilimbana. Angezikwa adhuhuri.

Patrobas akaamua kuomba radhi mbele ya watu. Kwao Busia, rafiki wa marehemu huitwa mbele akapewa kipaza sauti, na akishakishika hata askofu hawezi kumpokonya. Alivaa suti. Njiani alitunga hotuba moyoni, ikianzia Vita vya Msalaba ili ifike kwenye samahani taratibu, bila kumshtua mtu.

Makaburini alisimama nyuma, kama inavyomfaa mzungumzaji mkuu. Wanaume wakamshusha Galgalo, wakapokezana majembe, imamu akaomba dua, watu wakaanza kutawanyika. Patrobas bado alikuwa akisafisha koo.

"Mzee, unangoja mtu?" aliuliza kijana mmoja aliyekuwa akikusanya majembe.

"Nangoja hotuba zianze."

"Hakuna hotuba, mzee wangu. Tumemaliza."

Hakuwa ametupa hata konzi moja ya udongo. Akainama, suti na yote, akachota kidogo uliomwagika pembeni, akauweka juu ya kaburi na kuupapasa.

"Ile ya Garissa," alinong'ona, "nilikuwa nashindwa tu."

Hotuba nzima, na hayo ndiyo yaliyobaki.

Jioni hatimaye alivuka barabara. Ruqiyo, mjane wa Galgalo, alimkaribisha ndani na kumpa chai.

"Shemeji," Patrobas alisema, "amekufa akiwa amenikasirikia."

"Siku ile aliumia, sitakuficha. Alisema, 'Bwire anadhani mimi sikulia.'" Ruqiyo alimwongezea chai. "Lakini kesho yake aliamka na kifua, akachukua simu ya binti yetu akaanza kusoma. Hatukulala kwa ajili yako, Baba Nerima. Mara Wajerumani, mara Wakatoliki na Waprotestanti, miaka thelathini wakichinjana. Wakristo kwa Wakristo. Akaniambia, 'Ruqiyo, nimempata. Nikipona kifua hiki nampelekea.'"

Patrobas aliangalia pembeni ya kochi. Ule mto ulikuwa pale, umebonyea katikati.

"Miaka thelathini," alisema.

"Alifurahi sana. Alitaka kuona uso wako."

Patrobas alimeza chai, na vingine pamoja nayo.

"Kweli amenipata, shemeji. Hapo sina jibu."

Huo ulikuwa uongo. Alikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa zuri sana.